Kilifi kwa Tairi Nene

Anayesema Pwani ni tambarare hajapanda kilima cha Jaribuni kwa baiskeli saa saba mchana. Wageni wanaijua nchi ya Kilifi na Malindi kwa uso mmoja: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, ngalawa imetweka tanga. Uso huo nimeuuza mimi mwenyewe kwa miaka, maana riziki yangu ni picha za harusi, na bibi harusi wa huku hakubali albamu isiyo na bahari. Lakini ipe bahari kisogo, kanyaga pedali kuelekea magharibi, na baada ya muda mfupi nchi inaanza kuinuka na kushuka, udongo unageuka mwekundu, minazi inawaachia nafasi mikorosho na mibuyu, na watu wanaanza kukuuliza unakwenda kwa nani. Hiyo ndiyo Pwani ninayotaka kuionyesha.

Huko mimi huenda na marafiki zangu kila likizo inaporuhusu. Yupo fundi baiskeli wa Mtwapa, mwalimu wa hesabu asiyekubali kupotea njia hata akiwa amepotea, na dada muuguzi ambaye kwenye vilima hutuacha sote nyuma na hatungojei. Mimi hubeba kamera kifuani, imefungwa kwa kipande cha kanga ili vumbi lisiingie kwenye lenzi. Baiskeli zetu ni zile za mlimani, za tairi nene na gia nyingi, nyingi zimenunuliwa mitumba na kufufuliwa na Fundi.

Mkenya akisikia mbio za baiskeli humkumbuka Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, au marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki mashindanoni Marekani mwezi Agosti 2022. Sisi hatushindani na mtu. Gari hukupitisha mahali, baiskeli hukusimamisha. Huwezi kumpita mtu mzima njiani kwa baiskeli bila kumwamkia, na ukishaamkia umesimama, na ukisimama mazungumzo yanaanza. Kamera inatoka baadaye, kwa ruhusa. Picha zangu zote ninazozipenda zilianza na salamu.

Safari hii tulipanga kutoka Takaungu hadi Marafa kwa njia za ndani, lami tuiguse pale tu inapobidi.

Takaungu

Takaungu huamka na adhana na harufu ya iliki. Jua halijachomoza mama wa mahamri ameshaweka karai motoni, na mbaazi za nazi zinatokota pembeni, nzito, zenye rangi ya majivu isiyopendeza kwenye picha na inayopendeza sana mdomoni. Tulikaa barazani tukala kwa mikono. Mzee aliyetoka msikitini akatazama baiskeli zetu, akatupa sabalkheri, kisha akauliza kama serikali ndiyo iliyotutuma.

Mji huu mdogo ulikuwa na ukubwa wake. Watawala wa ukoo wa Mazrui walipong'olewa Mombasa na Sultani Seyyid Said mwaka 1837, baadhi yao walikwenda Gazi, kusini, na wengine wakaja hapa. Mwaka 1895 ugomvi wa nani akalie kiti cha Takaungu uligeuka vita, na Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, akapigana na Waingereza hadi mwaka uliofuata, alipovuka mpaka akaingia upande wa Wajerumani. Ukipita leo vichochoroni unaona kuta za matumbawe zilizoota mimea, na watoto wanaocheza gololi chini yake. Ni kawaida ya miji yetu: vita vimo kwenye vitabu, gololi zimo uani.

Hori la Takaungu huvukwa kwa mtumbwi. Tulizilaza baiskeli moja juu ya nyingine, Mwalimu akishika magurudumu yasilowe kana kwamba hayajawahi kuona tope. Nilimwomba nahodha nimpige picha. "Ngoja, mwanangu," akasema, akaacha kupiga kafi, akafunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, akakaza uso. Mtumbwi ukawa unazunguka wenyewe katikati ya maji naye katulia wima, rasmi kama waziri. Ninayo picha hiyo ukutani.

Mnarani

Kutoka hapo njia inapita kandokando ya mashamba ya mkonge. Mkonge ni raha kwa mpiga picha, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke, na ni adhabu kwa mwendesha baiskeli, maana ncha zake hazijui tairi nene wala nyembamba. Fundi aliziba pancha mbili kabla hatujaliona daraja la Kilifi.

Magofu ya Mnarani yapo juu ya jabali, upande wa kusini wa hori, na ukisimama hapo unaelewa mara moja kwa nini watu wa karne ya 14 walipachagua: hakuna chombo kinachoingia kisionekane. Mwanaakiolojia James Kirkman alipafukua katika miaka ya 1950. Msikiti mkuu una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kuzunguka kibla, na mchana wa jua kali hayasomeki kabisa. Ungoje jua lishuke pembeni ndipo kila herufi inapata kivuli chake na ukuta unaanza kusema. Niliwangojesha wenzangu kwa ajili ya kivuli hicho. Waliutumia muda wao vizuri, wakalala chini ya mbuyu.

Chini ya jabali bado unaona pale kivuko kilipokuwa kikitia nanga. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni, na foleni ililisha mji: korosho za kukaanga, madafu, mahindi ya kuchoma. Wazee wa Kilifi wakisimulia foleni hiyo hutabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu anayesimulia foleni ya kivuko cha Likoni.

Jaribuni

Asubuhi iliyofuata tuliipa bahari kisogo kwelikweli. Njia ya Jaribuni hushuka mabondeni kisha hukudai kila ulichoshuka. Udongo una mawe ya chuma, mazito na meusi. Eneo hili huchimbwa madini hayo, na malori yake yameichonga barabara ikawa mabonde ndani ya bonde. Muuguzi alikuwa ameshatuacha. Mimi nilikuwa kwenye gia ndogo kuliko zote, nikihema, nikijiambia kwamba nasimama ili kutazama mandhari.

Ndipo akatupita mgema. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya kizamani, gia moja, breki za vyuma, na nyuma kwenye kareli mitungi ya mnazi imefungwa kwa mipira ya tyubu, mingine inaning'inia ubavuni. Alikuwa amevaa ndara. Alitusalimu mmoja mmoja bila kupunguza mwendo, akauliza habari za tulikotoka, akapata jibu, akatutakia safari njema, na akapotea kwenye kona ya juu huku Mwalimu bado anatafuta pumzi ya kusema "ahsante, kaka".

Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba baiskeli za mlimani ni mchezo ulioletwa na wageni. Nenda Kaloleni, nenda Ganze, nenda Bamba, utawaona wanaume wanaoteremsha mnazi na magunia ya makaa kwenye miteremko ambayo sisi tunavalia helmeti. Panapozidi wanashuka wanasukuma, bega limeegemea gunia, kisha wanapanda tena. Wao kazi hiyo hawaiiti mchezo.

Tulimkuta mbele, kwenye kibanda, mitungi imeshushwa. Nilipoomba picha akakubali kwa sharti moja: nipige baiskeli, yeye asionekane. Baiskeli ilikuwa ya babake. Aliipangusa vumbi kwa kiganja, akageuza usukani kidogo ili itazame kamera, akasogea pembeni. Kisha akatuchotea mnazi kwenye kata, wa asubuhi, mtamu bado haujakasirika. Mwenzetu Muislamu alipewa maji, na hakuna aliyelizungumzia.

Kaya Kauma ipo karibu na hapo. Ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kila kabila katika yale tisa lina kaya yake, na masimulizi ya wazee huanzia Singwaya, kaskazini, walikofukuzwa wakashuka hadi kwenye vilima hivi na kujenga maboma katikati ya msitu. Huingii bila mzee. Unavua viatu, unajifunga kaniki nyeusi, hukati jani, huokoti hata kijiti. Picha, hapana. Kamera yangu ilibaki kwa mama muuza maembe, na nikaingia mikono mitupu, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni uchi wa aina yake. Niliyoyaona ndani sitayaandika pia. Aliyenikataza kamera hakumaanisha kamera tu.

Ganze

Nchi ya Ganze ni kavu. Mvua ikikosa huku, inakosa kweli, na ndoo za maji husafiri mbali kuliko watu wengi ninaowajua mjini. Tulipokelewa katika boma moja, tukapewa sima ya mahindi na mboga chungu ya porini, ile ambayo mgeni huitafuna kwa heshima na mwenyeji huitafuna kwa hamu. Mama mwenye nyumba alikuwa na hando kiunoni, nguo ile nyeupe ya mikunjo inayocheza hata akitembea polepole.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vigango. Ni nguzo za mbao zilizochongwa, zenye kichwa cha duara na kiwiliwili cha pembetatu zilizopangwa, na kila moja inamsimamia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Kigango hakihamishwi. Ukoo ukihama, chenyewe kinabaki mpaka mchwa wakimalize. Nilikuwa nimeshainua mkono kufungua kanga ya kamera, mzee akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Hivi tazama kwa macho."

Sababu naijua, na kila mpiga picha anayefika nchi ya Wagiriama angepaswa kuijua. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi, Udvardy akakiona kimojawapo kwenye picha iliyokuwa ikionyeshwa ukutani: kilikuwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya chuo kingine, Hampton, Virginia. Ile picha yake ya 1985 ndiyo iliyothibitisha kwamba ni vile vile, na vikarudishwa Kenya, kimoja mwaka 2006, kingine mwaka uliofuata.

Kwa hiyo picha yaweza kukirudisha kigango nyumbani. Lakini mamia ya vigango vingine viliuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na picha zilizochapishwa kwenye vitabu na magazeti zimewafundisha wanunuzi kipi kina thamani. Mzee hakuhitaji kunieleza haya. Nilifunga kanga, nikatazama kwa macho. Tulizungumza hadi usiku kuhusu bei ya mahindi.

Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake kwenye mwambao wa Afrika Mashariki. Tuliuingia na mwongozaji, maana wamo ndovu, na ndovu hasikii kengele ya baiskeli.

Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na miti imesongamana, miiba inakushika mkono. Halafu ghafla, bila tangazo, unaingia kwenye mchanga mweupe na miti ya mirihi iliyoachana, na mwanga unaofika chini umechujwa hadi umekuwa kijani. Niliteremka nikapiga picha mpaka wenzangu wakanikatia tamaa. Mchanga ule hauendesheki kwa tairi ngumu. Fundi alitupunguzia upepo sote, akiminya kila tairi kwa kidole gumba kama mama anayechagua embe, na hata hivyo tulisukuma sana.

Mwongozaji alituonyesha kinyesi cha ndovu kilichokuwa bado na joto, na tukapata kasi ambayo mchanga ulikuwa umetunyima. Mbele akanyoosha mkono: sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye karibu wote waliobaki duniani wanaishi katika msitu huu na vichaka vya jirani. Alipita njiani mara moja. Picha niliyopata ni ya majani yanayotikisika.

Pembezoni mwa msitu, Gede, wakulima hufuga vipepeo. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993: mtu hukuza viwavi kwa majani ya msitu wenyewe, na wakishakuwa pupa huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Aliyekuwa akiuona msitu kama kuni na boriti sasa ana sababu ya kumgombeza jirani akishika shoka.

Gede na Mida

Mji wa Gede ulihamwa karne ya 17 na msitu ukaufunika. Kaburi moja lina mwaka wa hijria 802, yaani 1399. Kirkman alipofukua kuanzia 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya sarafu za Kichina. Napenda sana majina haya. Mtu aliyepoteza mkasi wake miaka mia nne iliyopita hakujua kwamba ndio utakaobeba anwani yake. Mwaka 2024 UNESCO nayo ikaupokea mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na kima wa pale, walioupokea zamani, hawajabadili tabia: Mwalimu alinyang'anywa ndizi mbele ya msikiti mkuu.

Mida tulifika maji yakijaa. Kuna daraja la mbao linalokatiza mikoko pale Dabaso, na mwisho wake unakula sambusa za kaa huku ndege wa masafa marefu wakiwa wamejipanga kwenye tope. Watamu tuliipita. Vijana wa ufukweni walitusalimu kwa Kiitaliano, sisi tukajibu kwa Kiswahili, wakacheka.

Malindi

Kila mtu hupiga picha nguzo ya Vasco da Gama, kwa hiyo nami nilipiga, kwa haraka. Mreno yule alifika Aprili 1498, akapewa nahodha wa kumwonyesha njia ya Bara Hindi. Mimi hupenda zaidi habari iliyotangulia: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, akapokelewa na mfalme wa Ming. Hebu fikiria kazi ya kumlisha twiga kwenye merikebu.

Sanamu iliyotusimamisha ni ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu na kuwaapisha watu wasiwape Waingereza vijana wala kodi. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Walitoroka wakarudi kwa miguu. Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, kwa baruti mwaka 1914, na vita vikaja. Tulikuwa tumekaa chini ya sanamu tukilalamikia matako na matandiko ya baiskeli. Muuguzi akatuuliza kutoka Kisii hadi hapa ni kilomita ngapi. Hakuna aliyejibu, na malalamiko yakaisha.

Usiku tulikula viazi karai vilivyozama kwenye ukwaju, mishkaki, kisha halua na kahawa chungu. Bahari ya Malindi msimu wa mvua huwa ya rangi ya chai. Ni mto Sabaki, unaoanza kama Athi karibu na Nairobi, ukapita Ukambani na Tsavo ukikusanya udongo, ukaumwaga hapa. Tope hilo limeusogeza ufuo mbali na nyumba zilizojengwa kando ya maji. Wapiga picha wa harusi huwakwepesha bibi harusi rangi hiyo. Mimi nimeanza kuitafuta.

Marafa

Tulivuka Sabaki mapema, tukaiacha barabara ya Lamu kulia kwetu, tukapanda kwenye udongo mwekundu wa Magarini. Korongo la Marafa, au Nyari, halionekani mpaka uwe ukingoni. Ardhi imekatika, na chini yake mvua imechonga minara ya mchanga: nyekundu, waridi, manjano, nyeupe. Wenyeji husimulia kwamba hapa paliishi familia tajiri iliyooga maziwa wakati jirani wanalala na njaa. Mungu akaizamisha, nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Wataalamu watakwambia ni mmomonyoko. Saa kumi na moja jioni, rangi zinapowaka, niliwaamini wote wawili na nikaendelea kufyatua.

Vijana wa kijiji walikuwa wamezizunguka baiskeli. Mmoja, wa umri wa darasa la saba hivi, akaomba kujaribu ya Mwalimu. Akazunguka uwanja, akapanda tuta, akabadilisha gia zote kwenda na kurudi, akasimama mbele yetu na uso wa mtu aliyekagua bidhaa.

"Nzuri," akasema. "Lakini haina kareli. Haina stendi. Maji mtabeba wapi?"

Mwalimu akaanza kumweleza kuhusu uzito na mwendo. Kijana akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akarudia swali lake. Fundi akacheka, akatoa kamba mfukoni, akapima urefu kutoka kwenye tandiko hadi ekseli ya nyuma, akafunga fundo. Kareli zipo Malindi, alisema, na kuchomelea ni kazi ya nusu saa.